Mashine Inayochelewa Kuamka

Ungekuwa wewe, ungemwamini nani: mwanamke anayekuja na bakuli la samaki kila siku halafu hasemi kitu, au mashine iliyoletwa kwa meli kutoka Ulaya?

Sajenti Veronika aliiamini mashine, na usiwe na haraka ya kumlaumu. Karatasi ya maabara ilikuwa mezani kwake, imegongwa muhuri, inasema samaki wa mzee Shaibu wana sumu ya kunyunyizia mikorosho, na unga uliokutwa jikoni kwa walioumwa hauna neno. Mwasiti, mkewe Shaibu, yeye alikuwa na bakuli tu.

Asubuhi hiyo pia Veronika alimkuta kwenye benchi la kituo cha polisi, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani, mabakuli mawili mapajani yamefungwa kwa kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hili la mzee nalipeleka. Na hili jingine?"

"Lako."

"Mama, nilikwambia jana, nikakwambia na juzi. Askari hali chakula cha mtu mwenye kesi. Wataniita mla rushwa."

Mwasiti alilitazama bakuli lake. "Samaki mmoja?"

"Hata dagaa mmoja."

"Haya."

"Unataka nini hasa? Sema nikusikie."

"Ukipata nafasi," alisema Mwasiti, akalifunga tena lile bakuli vizuri, akakaza fundo.

Veronika alilipeleka la kwanza mahabusu. Shaibu alikuwa amekaa kwenye saruji, mgongo ukutani, kofia yake ya kiua gotini. Alikuwa mvuvi wa Msimbati, upande wa Mnazi Bay, na Jumapili iliyopita alileta samaki aina ya tasi mjini akawauza bei chee mpaka watu wakashangaa. Miongoni mwa walionunua alikuwamo Kasiani, karani wa bandarini anayekaa mtaa wa Magomeni hapo mjini. Kabla jua halijazama Kasiani, mkewe Irene na shemeji yake walikuwa hospitali, wanatapika, wanatoka jasho, mboni za macho zimesinyaa zikawa kama tundu la sindano. Daktari alisema hiyo ni dawa ya wadudu. Wote walipona, ila Irene bado alikuwa wodini.

"Mzee, leo nauliza kwa mara ya mwisho. Kwa nini uliuza chee?"

"Mjukuu wangu alikuwa anatoka unyagoni. Ulitaka nikae sokoni nivutane bei mpaka ngoma iishe?"

"Baharini ulikuwa na nani?"

"Na nyavu."

"Watu wanasema ulimwaga dawa majini ukaokota samaki wamelala."

"Watu hao walikuwepo?"

"Maabara imesema."

Shaibu alifungua bakuli, akanusa, akamega. "Basi kamuulize huyo maabara," alisema. "Mimi nimeshajibu."

Jalada lilikuwa linatakiwa mahakamani kesho yake. Shaibu akipatikana na hatia ya kuvua kwa sumu na kudhuru watu, kwa umri wake, asingetoka gerezani akiwa hai. Mashua yake ilikuwa imezuiwa ufukweni na askari mmoja anailinda, maana walikuwapo waliotaka kuitia moto. Na wachuuzi wa samaki walikuwa hawagusi tena kitu chochote kilichotoka Msimbati.

Veronika alikuwa mtu wa Mbinga, mwembamba, mwenye tabia iliyowachosha wenzake: kila jambo alitaka kuonyeshwa linavyofanyika. Hakimu angemuuliza, "Mmejuaje kuwa ni sumu?" Kumjibu kuwa karatasi imesema hakukumtosha. Akachukua chupa yake ya maji ya kunywa, akaifuata mashine.

Maabara ya mazao ilikuwa nyuma ya maghala ya korosho, chumba kirefu chenye harufu ya spiriti na vumbi la maganda. Mtaalamu wake, Goodluck, kijana wa Moshi mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama, alimpokea kwa kiti.

"Karibu, afande. Karatasi haikutosha?"

"Imetosha. Nataka kuona ilivyozaliwa."

Goodluck alicheka, akaondoa kitambaa cha kufuma kilichoifunika mashine. Ilikuwa kubwa kama sanduku la bibi harusi, rangi ya maziwa yaliyoanza kuchacha. Ubavuni ilikuwa na kijumba cha kuwekea kichupa cha kioo, na mbele ilikuwa na kidirisha cheusi.

"Inapitisha mwanga ndani ya kichupa," alisema. "Mwanga ambao wewe na mimi hatuuoni. Sumu ikiwepo inaumeza. Ukimezwa sana, tarakimu inakuwa kubwa. Kwa macho huwezi kujua, vichupa vyote utaviona kama maji."

"Na tarakimu inatokea hapa kwenye kidirisha?"

"Zamani. Chumvi ya bahari imekiua. Ilikuwa na karatasi zake za kuchapishia pia, lakini hazipatikani tena, hata Dar. Baadaye tukaiunganisha na kompyuta. Kompyuta nayo ikaungua siku umeme ulipokatika ukarudi kwa hasira." Aligusa kompyuta mpya, nyembamba, bado ina nailoni pembeni mwa kioo. "Hii imekuja wiki iliyopita. Shida ikawa plagi. Mashine ina plagi pana ya meno, safu mbili. Hii ina vitundu vidogo vya bapa. Haviingiliani. Nikaagiza kebo ya kubadilisha kutoka Kariakoo, nikaandika programu ya kuzisikilizanisha, nikakesha nayo."

"Kwa hiyo kazi ya kwanza ya ndoa hii ilikuwa ipi?"

"Samaki wenu."

Veronika alivuta kiti karibu. "Nifanyie kama ulivyofanya siku ile. Usiruke kitu."

"Afande, nina maji ya visima yananisubiri."

"Na mimi nina mzee wa watu mahabusu."

Goodluck alivaa glavu. Akatoa kwenye friji chupa ndogo ya rangi ya kahawia. "Tunaanza na hii. Ni sumu yenyewe, imepimwa kiwandani, tunajua nguvu yake. Mashine ikiisoma sawasawa, tunajua ina akili zake." Akamimina kidogo kwenye kichupa, akakiweka kwenye kijumba, akabonyeza. Mashine iliguna, ikafanya kach. Kioo cha kompyuta kilikaa vilevile.

"Mbona kimya?"

"Ya kwanza huwa haijibu. Imezeeka, inachelewa kuamka. Unairudia tu." Akabonyeza tena. Kach. Kwenye kioo ikatokea themanini na nne. "Umeona? Sasa imeamka."

Veronika alifungua karatasi ya muhuri, akaiweka mezani, akaweka kidole. "Sumu yako ya kiwandani ni themanini na nne. Samaki wa Shaibu wamesoma ngapi hapa?"

Goodluck aliinama. "Themanini na nne."

"Bahari imepima dawa kwa kijiko cha kiwanda?"

"Imetokea tu, afande. Inatokea."

"Kichupa ulikiosha?"

"Sikukiosha, nilitumia kingine. Kila sampuli na kichupa chake. Njoo uone." Akamfungulia kabati. Vichupa vilisimama kwenye ubao wenye matundu, vimebandikwa majina kwa mwandiko wa kuchapa. Cha samaki kilikuwepo, cha unga kilikuwepo. Veronika alivishika kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha, akatazama kama lebo imebanduliwa ikabandikwa upya. Haikuwa imeguswa.

"Kuna mtu alikuja kukuona kuhusu kesi hii? Wa Magomeni, wa bandarini, wa sokoni?"

Goodluck alivua glavu moja polepole. "Mimi ni mtoto wa mwinjilisti."

"Sijauliza baba yako anafanya kazi gani."

"Hakuna aliyekuja."

"Vizuri. Ninauliza kila mtu, usinune. Sasa, kwa kawaida ukishapima sumu ya kiwandani, unaweka nini?"

"Maji safi. Kuisafisha koo."

"Siku ile uliweka?"

Kijana aliivaa tena glavu.

"Goodluck."

"Siku ile wenzako walikuwa hapo nje, Land Rover inaunguruma, wanasema wanawahi Mikindani. Hamkuwa watu wa hapa, mlikuwa wageni wangu. Niliona si adabu kumpanga mgeni foleni nyuma ya maji. Nikaanza na samaki wenu, kisha unga wenu, nikawapa karatasi."

"Kwa heshima."

"Kwa heshima, afande."

Veronika alifungua chupa yake, akanywa funda moja, akamsogezea. "Leo usiniheshimu. Weka haya."

Goodluck alimimina maji kwenye kichupa kipya, akakiweka, akabonyeza. Kach. Kwenye kioo: themanini na nne.

Wote wawili waliitazama ile tarakimu.

"Basi mimi nimekufa tangu asubuhi," alisema Veronika. "Rudia."

Kach. Sifuri.

"Rudia tena."

Sifuri.

"Sasa rudisha ile sumu yako."

Goodluck aliweka sumu. Kach. Kioo kikasema sifuri, sumu ikiwa imekaa pale pale ndani ya kijumba.

"Toa. Weka maji."

Kach. Themanini na nne.

Nje mtu alikuwa anasukuma toroli la magunia, gurudumu linalia. Veronika alingoja lipite.

"Haichelewi kuamka," alisema. "Inamjibu aliyetangulia."

Goodluck alikaa. Alivuta kibodi, akafungua programu yake, akaisoma mstari kwa mstari huku midomo ikicheza. Halafu akajipiga paji la uso kwa kiganja, si kwa nguvu.

"Nieleze kama unavyomweleza hakimu," alisema Veronika. "Na hakimu mwenyewe ana usingizi."

"Mashine hii ya zamani hupiga hodi kwanza, ndipo inasema tarakimu yake. Ikishasema, inanyamaza. Haiagi. Kompyuta ya kwanza ilikuwa inachukua neno kama linavyokuja. Hii mpya nimeifundisha mimi, nimeiambia isubiri mpaka msemaji aage, ndipo iandike. Sasa inakaa inasubiri kwaheri, na kwaheri haiji. Unapopima kitu kingine, mashine inapiga hodi nyingine. Kompyuta inaidhani ile hodi ndiyo kwaheri, inaandika jibu la zamani chini ya jina la huyu mpya."

"Na jibu la huyu mpya?"

"Linabaki tumboni. Mpaka aje mwingine alisukume."

Veronika alichukua ubao wa vichupa, akavipanga mezani kama mtu anayepanga vikombe vya wageni. "Twende pamoja. Siku ile uliweka sumu."

"Haikujibu."

"Ukaweka sumu tena."

"Ikatoa jibu la ile ya kwanza. Likawa sahihi, kwa sababu ni kitu kilekile. Ndiyo maana sikushtuka."

"Ukaweka samaki."

"Ikatoa jibu la sumu ya pili."

"Ukaweka unga."

"Ikatoa jibu la samaki."

"Karatasi hii uliyoipiga muhuri inasema unga ni ngapi?"

"Sifuri."

"Basi sifuri ni ya nani?"

Alikitazama kichupa chenye jina la Shaibu, akakisogeza kidogo kwa kidole. "Ya samaki," alisema.

"Na jibu la unga?"

"Lilibaki ndani. Nilizima mashine, nikafunika kitambaa, nikaenda kula."

"Unga wenyewe umebaki?"

"Upo kwenye friji. Na vipande vya samaki vipo."

"Vipime vyote viwili upya. Na safari hii kila mmoja apigiwe hodi mara mbili, na katikati maji."

Kazi hiyo haikuwa ya kubonyeza tu. Unga ulilowekwa kwenye spiriti, ukakorogwa, ukachujwa kwa karatasi ambayo hudondosha tone moja kama mtu anayefikiria. Katikati ya kuchuja umeme ukakatika. Goodluck alikimbia kuchomoa kompyuta ukutani, kwa kukumbuka ile ya kwanza iliyoungua, na wakakaa kibarazani kwenye upepo wa maganda ya korosho. Alimletea Veronika chai ya rangi na kashata.

"Utaniandika, afande?"

"Nitaandika kilichotokea."

"Nimesoma miaka yote hiyo, nikashindwa na adabu."

"Kunywa chai."

Feni ya dari ilipoanza kuzunguka, walirudi ndani. Maji kwanza. Samaki: mara ya kwanza sifuri ya maji, mara ya pili sifuri yao wenyewe. Maji. Kisha unga. Mara ya kwanza kioo kikatoa sifuri, na Goodluck akashusha pumzi, akiwa amesahau kuwa hiyo ni ya maji. Akabonyeza mara ya pili.

Sabini na moja.

"Ipige muhuri," alisema Veronika, naye tayari alikuwa amesimama. Alikuwa amekumbuka ndoo.

Siku walipokwenda kuchukua unga kwa Kasiani, aliiona jikoni: ndoo nyeupe, nene, ya kifuniko cha kubana, ya aina ambayo haiingizi hata sisimizi. Yeye mwenyewe aliitamani. Alitaka kuuliza wameinunua wapi, akaona si wakati wake.

Sasa ulikuwa wakati wake. Kasiani alikuwa nyumbani Magomeni, bado amelegea, shuka mabegani, anachemsha uji wa kumpelekea mkewe. Veronika alimwomba kwanza aushushe uji motoni.

"Unga wa uji umetoa wapi?"

"Dukani sasa hivi. Ule mwingine mlichukua kidogo, uliobaki sijaugusa, nimekosa hamu."

"Mshukuru Mungu kwa kukosa hamu. Hii ndoo mlinunua wapi?"

"Irene alinunua Jumamosi, pale wanapouza vyombo vilivyotumika. Panya walikuwa wanatumaliza. Akaiosha kwa majivu, akaianika, akamimina unga." Alimtazama sajenti. "Kwani ina nini?"

Veronika alivaa mfuko wa nailoni mkononi, akakibandua kifuniko. Ubavu wa ndoo ulikuwa umekwanguliwa safi kwa kisu. Lakini chini ya ukingo, pale ambapo kidole hakifiki, ulikuwa umebaki ukanda mwembamba wa lebo: jani la kijani, tunda la bibo na korosho yake inaning'inia, na nusu ya fuvu la alama ya sumu.

Kasiani alikaa kwenye kinu kilicholazwa.

"Ugali," alisema. "Tulikula ugali wa huo unga."

"Na samaki wa Shaibu wakabebeshwa lawama."

"Nilipotoka hospitali nilimtukana yule mzee sokoni, mbele ya watu wote. Nilimwita muuaji."

"Vaa shati," alisema Veronika. "Tunapita kituoni."

Mkuu wa kituo alisoma karatasi mpya, akaisoma ya zamani, akauliza swali ambalo Veronika alilitegemea: ipi iaminiwe? Veronika akaagiza Goodluck aitwe kutoka maabara, akamweka mbele yake, na Goodluck, koti lake limekunjamana sasa, akaeleza habari ya hodi na kwaheri toka mwanzo bila kujificha. Mkuu alimpigia simu mwendesha mashtaka. Ilichukua muda, pakawa na kupandisha sauti kidogo, halafu akaweka simu chini akaomba funguo za mahabusu.

Habari ilikuwa imetangulia nje, kama kawaida ya mji ule. Wachuuzi wa samaki walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara, mabeseni matupu kiunoni, hawakaribii na hawaondoki. Shaibu alitoka akivaa kofia yake. Kasiani alimwendea akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema alichokuwa nacho, kwa sauti ya chini. Shaibu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mkeo anaendeleaje?" akauliza.

"Anakaa kitandani sasa. Kesho labda."

"Mpe pole."

Ng'ambo ya barabara mama mmoja mwenye beseni alisema kwa sauti ya kusikika, "Wamemwachia, sawa. Samaki wake lakini nani atakula?" Wenzake wakaguna. Askari wa kaunta aliinua mabega. Karatasi ya muhuri ilikuwa mkononi mwa Veronika, na alijua kuwa hata angeisoma barabarani kwa kipaza sauti, hakuna ambaye angemsogelea Shaibu na mia mbili yake ya kununua samaki.

Mwasiti alikuwa bado kwenye benchi. Hakuwa amesimama hata mumewe alipotoka. Bakuli lilikuwa mapajani, fundo lilelile.

Veronika alikwenda akakaa karibu yake. "Mama, asubuhi nilikuuliza unataka nini. Ukasema nikipata nafasi."

"Umepata?"

"Nimepata."

Mwasiti alifungua fundo. Ndani walikuwa tasi waliopasuliwa mgongo, wakatiwa chumvi, wakaanikwa, kisha wakachomwa mpaka kingo zikawa nyeusi.

"Hawa ndio wa Jumapili ile," alisema. "Wavu uleule. Kabla hajaleta mjini alitupa fungu letu. Tukala na mwali wetu na wageni wa ngoma, waliobaki nikawafanya ng'onda. Nilimwambia kijana wako wa kaunta siku ya kwanza. Akasema mke si shahidi. Nikasema haya, basi nitamleta shahidi mwenyewe. Kila siku nimemleta, kila siku unamrudisha."

Veronika alinyoosha mikono, na Mwasiti akammiminia maji ya kunawa kutoka kwenye chupa, polepole, vidole vyote, kama anavyonawishwa mgeni.

"Sasa nikwambie nilichokuwa nataka," alisema Mwasiti, akimwekea bakuli magotini, huku macho yake yakiwa ng'ambo ya barabara kwenye yale mabeseni matupu. "Nilitaka ule mmoja tu, mwanangu. Hapa hapa mlangoni, na magwanda yako, na wale pale wakuone unameza."